Mlango wa shamba ni mbwa

(Mazungumzo ya redioni ya juma hili)



Mimi ni mtu wa Buguruni. Nimekaa miaka mingi si mbali na sokoni, katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita na ua mmoja, ambamo mtu akikohoa chumba cha kwanza, aliye chumba cha sita humwambia pole. Wanyama tunaowajua sisi ni panya, paka ambao ni wa kila mtu na si wa mtu, kunguru wanaonyakua samaki kwenye sinia, na mbwa koko wanaopita jalalani usiku. Mbwa wa kufuga hatuna. Ua ni wa wapangaji wote, na wengi wetu ni Waislamu. Mbwa akitia mdomo katika chombo, kuna kazi ya kukiosha mara saba. Kwa hiyo mbwa tulimjua kwa mbali tu, naye alitujua kwa mawe.

Miaka mitatu iliyopita mjomba wangu, Mungu amrehemu, alifariki akaniachia shamba la ekari nne katika wilaya ya Kisarawe, njia ya kwenda Maneromango. Lina mikorosho, miembe michache, muhogo, na nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa bati. Nikasema basi, uzee wangu umepata pahala. Nikafunga magodoro mawili, jiko la mkaa, redio na chandarua. Nikapanda gari, tukapita Gongo la Mboto, tukapanda vilima vya Pugu, na Buguruni ikabaki nyuma.

Najua sizungumzi habari zangu peke yangu. Siku hizi wakazi wengi wa Dar es Salaam wamenunua kiwanja au shamba nje ya mji. Mmoja yuko Chanika, wa pili Msongola, wa tatu Mkuranga, wa nne Kibaha. Wapo waliokwisha kuhamia, na wapo wanaokwenda Jumamosi na kurudi Jumapili. Wote hao wanajiuliza habari za bati, kisima, hati na barabara. Leo nataka tuzungumze jambo moja ambalo wengi wetu hatujiulizi, nalo nusura liniondoe duniani.

Nyumba ya mjomba ilikuwa imekaa bila mtu miezi kumi. Nilipofungua mlango nilisema, "Nyumba tupu hii." Hapo ndipo nilipoanza kukosea. Kwenye fremu ya dirisha palikuwa na nyuki. Juu ya dari walilala popo. Nyuma ya choo, katika rundo la matofali, alikaa swila ambaye hakupenda kabisa kuulizwa anafanya nini pale. Kenge mmoja mrefu alikuwa amezoea kupita uani kana kwamba analipa kodi. Nyumba ilikuwa imejaa. Aliyekuwa mgeni ni mimi.

Usiku wa kwanza nilisikia mtoto analia. Analia kwa uchungu, juu ya mkorosho, halafu ananyamaza, halafu analia tena. Nikachukua tochi, nikatoka na shuka langu begani kutafuta mtoto aliyetupwa. Nilimulika chini ya kila mti. Asubuhi nikaenda kumweleza jirani yangu, mzee wa Kizaramo aliyesuhubiana na mjomba tangu ujana wao.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nilikuona na tochi. Ulikuwa unatafuta nini?"

Nikamweleza. Mzee akacheka hadi akakaa chini. "Huyo komba, mwanangu. Watu wa mjini mnasema fulani kalewa kama komba, kumbe komba mwenyewe hamjapata kumsikia."

Na ni kweli. Komba tunamtaja kila siku vilabuni kwa sababu anapenda tembo la mnazi, lakini sauti yake hatuijui. Baadaye nilijifunza kuwa katika msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, ambao mtu anayekwenda Kisarawe anaupita bila kugeuza shingo, anaishi komba mdogo sana, wa uzito wa gramu 60 hivi. Huyo ni miongoni mwa komba wadogo kuliko wote duniani, na hapatikani popote isipokuwa katika misitu michache ya pwani ya Tanzania. Tunaye hapo nje ya mlango wa jiji, nasi tunapita tunasinzia ndani ya gari.

Usiku wa nne nilihamishwa na siafu. Waliingia kwa mlango wa nyuma kama askari wanaolipwa, wakapanda ukuta, wakapanda na chandarua, nami nikatoka mbio nikiwa sina hata kandambili. Mzee akaja na majivu ya moto, akayamwaga kuzunguka godoro nililolitoa nje. Akasema, "Waache wapite. Hao ndio wafagiaji. Asubuhi hutakuta mende hata mmoja." Na kweli, asubuhi nyumba ilikuwa safi kuliko nilivyoweza kuisafisha kwa juma zima. Akaongeza neno moja ambalo nililikumbuka baadaye: "Ukija kufuga mnyama, usimfunge kamba usiku wa siafu. Aliyefungwa hana pa kukimbilia."

Basi nikaanza kuzoea. Lakini mgeni ambaye sikuweza kumzoea ni nguruwe pori. Huyu haji kutazama, anakuja kula. Muhogo alioacha mjomba aliufukua kwa pua yake, mstari baada ya mstari, akala nusu na kuharibu nusu. Wenyeji hulala shambani katika dungu ili kumfukuza. Mimi nilitaka kufanya hivyo, Mzee akanikataza kulala peke yangu.

Hakuwa mwoga. Pande za kusini mwa Tanzania dungu limewagharimu watu maisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu watu zaidi ya 560 waliouawa na simba nchini mwetu tangu mwaka 1990, na moja ya sababu zilizotajwa ni hii: pale wanyama wengine wa porini walipopungua, simba hufuata nguruwe pori, na nguruwe pori hufuata mashamba. Mkulima aliyelala katika kibanda cha miti na makuti kulinda muhogo wake akajikuta amejiweka njiani. Huku kwetu simba si wa kila siku, lakini wilaya ya Kisarawe kwa upande wa kusini inapakana na pori kubwa lililoitwa Selou, ambalo sehemu yake tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mnyama hana ramani.

"Tafuta mbwa," Mzee akaniambia.

"Mzee, mimi na mbwa?"

"Mbwa wa kulinda shamba ameruhusiwa, mwanangu. Usimwingize ndani, usimpe chombo chako. Mjengee banda lake, mpe bakuli lake, naye atakupa usingizi."

Nikapewa watoto wawili wa mbwa na mwindaji wa kijiji cha pili, wekundu wote wawili, masikio yamesimama. Mmoja nikamwita Simba, wa pili Tomi. Walikua upesi. Kufika mwezi wa nane, nguruwe walikuwa wanaishia mpakani. Ngedere waliokuwa wanakuja kuchuma maembe kama shamba lao walijifunza kuulizia kwanza. Kenge akahama. Nami, mtu wa Buguruni ambaye nilimjua mbwa kwa mawe, nikajikuta jioni nimekaa barazani, Simba ameweka kidevu juu ya kandambili yangu, na simwondoi.

Siku ya kwanza alipowaona, Mzee aliniuliza, "Na sindano?"

"Nitawapeleka kwa bwana mifugo, Mzee."

Ndugu msikilizaji, neno "nitawapeleka" lilikaa mdomoni mwangu mwaka mzima. Mara mvua imeharibu njia. Mara nimekwenda mjini msibani. Mara pikipiki haibebi mbwa wawili. Nilipata fedha za kununua kufuli la mlango, nikapata fedha za kupaka rangi madirisha. Sindano ya mbwa ikasubiri.

Ilikuwa saa nane mchana, jua kali. Nikaona mbweha anakuja katikati ya mikorosho. Mbweha ni mnyama mwenye haya. Akikuona anakupa mgongo, na saa nyingi za mchana hulala. Huyu alikuja wazi, anayumba, mdomo umejaa mate, hatazami kushoto wala kulia. Kabla sijafikiri, Simba alikwisha kumrukia. Wakagaagaa chini. Nami, kwa upumbavu wa mapenzi, nikaingiza mkono kumvuta mbwa wangu shingoni. Nilipoutoa, ulikuwa na alama mbili za meno chini ya kifundo. Hadi leo sijui ni jino la nani.

Mzee alikuja na vijana wawili wenye marungu, wakammaliza yule mbweha. Akawakataza wasimguse kwa mikono mitupu. Halafu akaniangalia. Nilikuwa nimekwisha kujifunga kitambaa.

"Ni mkwaruzo tu, Mzee."

"Fungua hicho kitambaa. Sabuni iko wapi?"

Akanikalisha kwenye kigoda, akanimiminia maji kwa kopo, nami nasugua kwa sabuni ya kufulia. Nikitaka kuacha, anasema bado. Ndoo ya kwanza ikaisha, akaagiza ya pili. Sikujua wakati ule kwamba mzee yule, ambaye hajapata kukaa darasani, alikuwa anafanya lile lile wanaloagiza wataalamu wa Shirika la Afya Duniani: kidonda cha mnyama kioshwe kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15. Si kwa mafuta ya taa, si kwa majani, si kwa kufunga. Sabuni na maji, halafu sindano, siku hiyo hiyo.

Zahanati ya kwanza haikuwa na sindano. Ya pili haikuwa nayo. Nikarudi mjini kwa pikipiki na magari, na saa tatu ya usiku ndipo nilipoipata katika hospitali moja kubwa. Nikapewa karatasi yenye tarehe za kurudi kwa sindano nyingine. Njiani kote nilikuwa nahesabu saa kama mtu anayehesabu chenji asiyoiamini.

Kesho yake bwana mifugo alifika shambani. Akachukua kichwa cha mbweha kwenda kupimwa, akafukia kiwiliwili kwenye shimo refu. Kisha akauliza, "Kadi za chanjo za mbwa ziko wapi?"

Nikanyamaza.

Akasema kwa upole, na upole wake ulinichoma kuliko meno yale: "Angekuwa amechanjwa, Mzee wangu, ningemwongezea sindano moja na tungemwangalia. Lakini huyu hana kinga, na ameumwa. Njia ni mbili. Umfungie peke yake mahali imara kwa muda wa miezi sita, asiguswe na mtu wala mnyama, au tumpumzishe leo."

Wajukuu zangu wanne walikuwa wanakuja likizo baada ya juma mbili. Banda langu lilikuwa la fito. Nikasema ampumzishe. Tomi alikuwa amefungiwa nyuma siku ile, hakugusana na mbweha. Yeye alichanjwa pale pale. Simba alimlamba bwana mifugo mkono kabla ya sindano ya mwisho, nami nikaingia ndani. Majibu ya kipimo yalirudi nikiwa nimekwisha kuchomwa sindano ya tatu. Mbweha alikuwa na kichaa. Kama ningesubiri majibu ndipo niende hospitali, juma hili mngekuwa mnasikiliza sauti ya mtu mwingine.

Sasa tuzungumze mambo yenyewe. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa unatokana na virusi vinavyokaa katika mate. Vikiingia kwenye kidonda havina haraka. Hupanda polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo. Safari hiyo huchukua kwa kawaida majuma kadhaa au miezi. Hapo ndipo penye nafasi yetu. Mtu akichomwa sindano wakati virusi vingali njiani, anapona. Dalili zikishaanza, yaani homa, wasiwasi, kushindwa kumeza, kuogopa maji, dawa hakuna, na karibu kila mgonjwa hufa. Chanjo yenyewe si mpya. Mwaka 1885 Louis Pasteur wa Ufaransa alimchoma sindano mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, naye akapona. Imepita miaka zaidi ya 130. Bado Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na wengi ni watoto. Kwa Tanzania peke yake, utafiti wa mwaka 2002 ulikadiria vifo karibu 1,500 kwa mwaka.

Mtu atasema, basi tuwaue mbweha. La hasha. Katika watu 100 wanaopata ugonjwa huu, 99 huupata kwa mbwa. Huko Lindi na Mtwara, watafiti waliofuatilia ugonjwa huu waliwakuta mbweha wana sehemu kubwa, na hilo ni onyo kwa sisi tunaojenga karibu na pori. Lakini anayeuleta barazani, anayelala karibu na watoto, ni mbwa. Mbwa ndiye mlango kati ya nyumba na pori. Na mlango, ndugu yangu, haupigwi mawe wala hauvunjwi. Mlango unatiwa kufuli, na kufuli lake ni chanjo.

Tena mlango huo unafunguka pande zote mbili. Sisi tunaogopa ya porini yasije nyumbani, lakini ya nyumbani nayo huenda porini. Mwaka 1994, katika Serengeti, simba karibu elfu moja, yaani kama theluthi moja ya simba wote wa pale, walikufa kwa ugonjwa wa mbwa uitwao distempa. Wataalamu waliufuata wakaona chanzo chake ni mbwa wa kufugwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Mfalme wa nyika, aliyeshinda njaa na mikuki, akaangushwa na kikohozi cha mbwa wa nyumbani. Kwa hiyo unapomchanja mbwa wako magonjwa yake, umejikinga wewe, na umemkinga hata mnyama ambaye hutamwona maishani.

Jambo hili linawezekana. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita, hufa wenyewe. Ndugu zetu wa Pemba wameonyesha mfano. Walichanja, ukatoweka, mwaka 2016 ukarudi, wakachanja tena, wakautoa tena. Kisiwa kizima kimeweza. Mtaa wa Chanika utashindwaje?

Nawe msomaji au msikilizaji wa Buguruni usiseme haya ni ya wenye mashamba. Wazee wetu wanakumbuka Buguruni hii hii ikiwa minazi na mikorosho nje ya mji. Tulipojenga, pori halikutoweka siku moja, lilisogea. Leo limesogea hadi Chanika na Kisarawe, nasi tunalifuata huko huko na magodoro yetu. Na wale mbwa koko wa jalalani, ambao watoto wetu wanawatupia mawe wakienda shule, ni mlango ule ule usio na mwenye ufunguo. Siku serikali ya mtaa inapotangaza chanjo, mtu mwenye mbwa ampeleke, na jirani asiye na mbwa asaidie kumshika yule asiye na mwenyewe. Mtoto akiumwa asifiche kwa kuogopa fimbo. Mwambieni leo, kabla hajaumwa, kwamba akisema hatapigwa.

Kwa wewe unayejiandaa kuhamia shamba, wosia wangu ni mfupi. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe lako la siku ya tatu ni hili: kabla ya rangi ya madirisha, kabla ya geti, ulizia bwana mifugo wa kata anakaa wapi. Mtoto wa mbwa akitimiza miezi mitatu achanjwe, na kila mwaka arudiwe. Ulizia pia ni hospitali ipi yenye sindano ya watu, usije ukaitafuta usiku kama mimi. Komba mwache alie, siafu waache wapite, swila mpe njia. Hao walikuwapo kabla yako, na ukikaa nao kwa adabu watakuvumilia.

Sasa niko shambani siku nne kwa juma. Nguruwe wanakuja, Tomi anawarudisha. Pembeni mwa mlango wa mbele kuna msumari ambao mjomba alikuwa anatundikia kofia yake. Mimi nimetundika kadi ya chanjo ya Tomi. Kila ninapotoka naisoma tarehe yake, halafu nautazama mkorosho ambao chini yake nimemzika Simba. Alinilinda kila usiku wa maisha yake. Mimi nilitakiwa kumlinda siku moja tu, nikasema nitakwenda kesho.

Hadi juma lijalo, kwaherini.